Mwongozo kamili: Jinsi ya kupata watu wako shuleni kupitia klabu na gemsi, bila kuacha midterm ikifika

Kila mwaka midterm ikikaribia naanza kupata meseji za aina moja. Mwanafunzi ameingia shule mpya, amejiandikisha klabu nne ama tano, ameenda mikutano miwili akaboeka, akaacha, na sasa anasema hiyo shule haina watu na anataka transfa. Mzazi naye anauliza kama hizo klabu zina maana ama ni njia tu ya kukula pesa. Mimi ni patroni, yaani mwalimu msimamizi, wa klabu ya drama huku Kakamega na hawa watoto wanakwama mahali pale pale kila mwaka, kwa hivyo wacha niandike mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia tu.

Wengi wanadhani klabu itawapokea kwa sababu jina lao liko kwa karatasi. Wapi. Shuleni watu wanakujua kwa kile kitu ambacho kitakwama siku usipokuja. Ukipata hicho kitu, hata kama ni kubeba ngoma, utaanza kusema "shule yetu" bila kulazimishwa na mtu. Hatua zote hapa chini zinaelekea hapo.

Nimeandika nikifikiria zaidi Gredi 10, lakini wewe wa Fomu 3 pia soma, hujachelewa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ratiba ya klabu na gemsi. Mara nyingi iko notisibodi karibu na stafrumu. Kama haipo, muulize mwalimu wa gemsi, usiulize deski mate wako ambaye pia ni mgeni.
- Kalenda ya mashindano ya muhula huo.
- Daftari ndogo ya kuingia mfukoni na kalamu.
- Raba, soksi ndefu pea mbili, na nguo za gemsi zenye jina lako. Andika jina kwa wino usiotoka, kwa sababu kamba ya nguo ya domu haina urafiki.
- Chupa ya maji yako mwenyewe.
- Kama una pumu, inhela yako na mwalimu mmoja ambaye anajua unaitumia. Kama una selimundu, na huku upande wa ziwa na magharibi tunao wengi, pata barua ya daktari inayosema unaweza kufanya mazoezi kiasi gani, halafu mpe mwalimu wa gemsi na nesi wa shule. Kukimbia bila maji, kuchoka kupita kiasi na kupigwa na baridi kunaweza kukuletea maumivu makali. Sisemi usijiunge. Nasema ujiunge watu wakijua.
- Ruhusa ya mzazi, na namba yake ya simu iwe kwa patroni.
- Pesa kidogo ya usajili kama klabu inalipisha. Uliza ni ngapi, na ulipe kwa mwalimu upate risiti. Ukiambiwa na mtu wa Fomu 4 umpe kwa mkono usiku huko domu, hiyo si klabu.

Kipaji sijaandika, na sijasahau.

Hatua ya 1: Wiki mbili za kwanza tembea tu, usisaini kitu

Wiki ya kwanza kila mtu anauza. Skauti wanapita na skafu, drama wanapiga kelele dining, debate wanaongea kama mawakili, na wewe mono, yaani mgeni, bado unatafuta mahali choo kiko. Ukisaini hapo utasaini kila kitu, na ukisaini kila kitu hakuna mahali utakuwa mtu.

Ikifika saa kumi, kengele ya gemsi ikilia, zunguka. Leo simama kando ya uwanja wa voliboli, kesho pita nje ya ukumbi drama wakifanya tizi, yaani mazoezi, siku nyingine chungulia maabara uone watu wa sayansi. Usiangalie staa, staa anaonekana hata ukiwa domu. Angalia nani anaokota mipira, nani anaandika skoa, watu wangapi wamebaki ikifika saa kumi na moja, na kuna kitu gani kila mtu anakikwepa. Andika kwa daftari.

Mwaka huu wa 2026 kuna jambo ambalo watu wa Gredi 10 hawajalishtukia. Darasa la mwisho la KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, lilifanya mtihani 2023, likaingia Fomu 1 mwaka wa 2024, na sasa liko Fomu 3. Nyuma yao hakuna Fomu tena, kwa sababu waliofuata ni wa mtaala mpya, na ndio nyinyi wa Gredi 10. Yaani shule ina Fomu 4 ambao wanafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kuondoka mwaka huu, Fomu 3 ambao wanaondoka 2027, halafu ni nyinyi. Wale wa Fomu 2 ambao kwa kawaida wangekuwa wakikaa benchi wakingoja jezi hawapo. Nafasi ziko wazi kuliko nilivyowahi kuona, na bado watoto wananiambia "mwalimu, timu imejaa".

Utajua umemaliza hatua hii ukiweza kutaja vikundi vitatu, siku vinakutana, na kitu kimoja ambacho kila kimoja kinakosa.

Hatua ya 2: Chagua kimoja kikubwa na kimoja kidogo

Kikubwa ni kile chenye tizi karibu kila siku na mashindano ya kusafiri. Kidogo ni cha mara moja kwa wiki. Zaidi ya hapo unadanganya watu wawili, wao na wewe.

Kabla ya kuchagua, angalia msimu. Hapa ndipo wengi wanapotea. Kwa kawaida muhula wa kwanza ni wa drama, maonyesho ya sayansi, riadha, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, hoki na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili unaleta muziki, soka, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Muhula wa tatu ni mfupi na mitihani imeukalia. Sasa mtu anaingia drama mwezi wa sita wakati fainali za taifa zilishapita, anakuta watu watano wanapiga stori, anasema klabu imekufa. Haijakufa, imepumzika. Ukijiunga katikati ya muhula wa pili ingia muziki, huko ndiko moto uko.

Halafu hesabu watu. Kwa shule kama Kakamega High, ambapo jina la timu ya soka, Green Commandos, linajulikana nchi nzima, ama Musingu na Scorpions wao, wanaotaka timu ya soka ni wengi kuliko jezi. Ukiwa mzuri kweli, enda. Ukiwa wa kawaida na ulichotaka ni kupata watu wako, angalia kando. Hoki huku kwetu ni kitu kikubwa, uliza watu wa Kamusinga ama Misikhu, na mara nyingi timu za kawaida zinatafuta kipa kwa sababu zile pedi ni nzito, zinanuka jasho la miaka yote, na hakuna anayetaka kusimama mbele ya mpira mgumu hivyo. Ukikubali kuvaa hizo pedi na helmeti, wiki ijayo shule nzima inakujua.

Kwa kile kidogo, mimi napenda Wildlife Club (Nakuru mna bahati, mbuga ya ziwa iko hapo hapo mlangoni), Red Cross, uandishi wa gazeti la shule, ama Tuzo ya Rais (President's Award). Hiyo ya mwisho watu wanaiogopa bure. Ngazi ya shaba unaanza ukiwa na miaka 14, inachukua angalau miezi sita, na inataka kama saa moja kwa wiki kwa kila sehemu, yaani huduma, ujuzi na mazoezi ya mwili, halafu kuna safari ya porini. Tizi yako ya hoki inaweza kuhesabika kama mazoezi ya mwili, kwa hivyo unafanya kazi moja inalipa mara mbili. Lakini muulize mwalimu anayeisimamia kabla ya kuanza kuhesabu saa.

Onyo moja hapa. Kuna watoto wanafikiri kwa vile hawakuchagua mkondo wa Sanaa na Michezo, mmoja wa mikondo ya masomo ya Gredi 10, basi klabu haziwahusu. Mkondo ni masomo ya darasani, klabu ni ya kila mtu. Wa sayansi njoo uimbe.

Hatua ya 3: Enda ukiwa na kazi mkononi

Hii ndiyo hatua yenyewe, soma polepole.

Usiende kwa kapteni ukasema "nataka kujiunga". Atasema sawa, andika jina, na hapo mmeachana. Enda na ile kitu uliandika kwa daftari. Kwa voliboli, hivi:

"Sasa kapteni. Mimi ni wa Gredi 10, nimewaona mkifanya tizi. Naona mipira inapotelea kwa ile miwa na hakuna mtu wa kuhesabu. Naeza kuwa naihesabu kabla na baada, na mkikosa mtu wa sita mniite niingie."

Kwa patroni unanyoosha adabu kidogo: "Habari ya mchana mwalimu. Naitwa fulani, Gredi 10. Ningependa kusaidia na kostyum za drama, nimeshona kidogo na mama nyumbani. Naweza kuja Jumanne?"

Umetaja kazi, umetaja siku. Mwalimu aliyechoka hawezi kukataa hiyo, nakuambia kama mwalimu aliyechoka.

Drama si waigizaji tu. Kuna mwenye kushika skripti kando ya jukwaa, kuna wa sauti, kuna wa kupanga na kuondoa vitu jukwaani kwa sababu saa inahesabu. Muziki ni hivyo hivyo. Chukua isukuti ya Waisukha na Waidakho, ile UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka wa 2014. Inataka ngoma kubwa, ya kati na ndogo, inataka mtu wa pembe, inataka watu wa kutikisa vyuma, halafu wachezaji, halafu mwenye kujua ngoma zimelala wapi zisinyeshewe. Ngozi ikilowa sauti inakufa, na mvua ya Kakamega mnaijua.

Mwaka mmoja kwa klabu yangu mtu mwenye nguvu kuliko wote alikuwa msichana wa kostyum. Alikuwa mkimya sana, darasani watu hawakujua sauti yake. Kila nguo alikuwa ameiandika, nani ameichukua, imerudi na vifungo vingapi, na pini alikuwa anazichomeka kwa kola ya sweta yake safu nzima kama medali. Usiku wa mashindano ya kaunti zipu ya gauni la mke wa chifu ikapasuka dakika chache kabla ya kuingia jukwaani, na waigizaji wote, pamoja na wale mastaa ambao muhula mzima hawakuwa wakimsalimia, wakaanza kuita jina lake. Alishona lile gauni likiwa mwilini. Kutoka siku hiyo dining alikuwa anawekewa nafasi.

Kwa hivyo kazi ndogo si adhabu. Lakini tofautisha. Kazi ya klabu inafanyika saa ya klabu kwa ajili ya klabu. Ukiambiwa ufue soksi za kapteni, umchotee maji, ama ulale chini ya kitanda eti ndio "kukaribishwa", huko ni kuonewa na kunaripotiwa kwa patroni ama mwalimu wa gaidansi siku hiyo hiyo. Pia hakuna tizi ya mtu mmoja na mtu mzima kwa chumba kilichofungwa, awe kochi, awe patroni, awe nani. Ukiitwa hivyo enda na mwenzako, ukikatazwa kwenda naye usiende.

Hatua imefaulu wakati mtu amekuita kwa jina lako akitaka kitu. Si "wewe mono". Jina.

Hatua ya 4: Vumilia ile katikati isiyo na raha

Kuna wiki kama tatu hivi mambo yanakuwa makavu. Msisimko wa kwanza umeisha, mashindano bado, CAT ya kwanza, yaani jaribio la darasani, imerudi na maksi si nzuri, mvua inanyesha saa kumi, na yule rafiki mlienda naye ameacha. Hapa ndipo watu wanaanguka, na wengi wakianguka wanasema "haikuwa yangu".

Ulienda na rafiki? Sawa, lakini siku ya pili msimame mbali. Watu wawili wakikaa pamoja kila saa hawazoeani na mtu mwingine, na mmoja akiacha mwingine anamfuata.

Jiwekee sheria kwamba hutaamua kuacha siku ya tizi mbaya. Ukitaka kuacha, amua Jumapili mchana ukiwa umekula na umelala. Utashangaa mara ngapi hutaacha. Kama bado unaona si mahali pako baada ya kuhudhuria mpaka nusu muhula, basi ondoka vizuri, mwambie kapteni, rudisha vitu vya watu, ingia kingine. Kuhama si kosa. Kosa ni kupotea bila kusema.

Hatua ya 5: Ukichujwa

Utachujwa mahali. Listi itabandikwa na jina lako halitakuwepo. Lia kidogo, ni sawa, halafu kabla ya siku tatu kuisha rudi kwa kochi na swali moja: "Mwalimu, nifanyie kazi gani ili nijaribu tena?" Usiulize kwa nini fulani amechukuliwa. Ukiuliza hilo mlango unafungwa.

Halafu uliza kama kuna kazi nyingine. Timu inahitaji wa skoa, wa huduma ya kwanza, wa kupiga picha za gazeti la shule. Na kumbuka Fomu 4 wakiingia mitihani timu itajengwa upya na yule aliyebaki karibu ndiye anayeonekana.

Hatua ya 6: Safari ya kwanza

Basi la shule linafanya kazi ambayo darasa haliwezi. Mtu mliyekaa naye kiti kimoja kutoka Kisumu mpaka Nakuru, mkapita Kericho kwa ukungu mkiimba, huwezi kumpita tena kwa korido kimya. Kwa hivyo fanya juu chini uende safari moja mwaka wa kwanza, hata kama ni ya sub-kaunti shule jirani.

Beba sweta, maji, kitu kidogo cha kukula, pesa kidogo, kitambulisho cha shule. Wasichana, beba pedi hata kama siku zako bado, usipozihitaji mwenzako atazihitaji. Dawa zako zikae kwa begi unaloshika, si lile linalowekwa buti.

Mambo ya kuepuka huko: kuondoka kiwanjani na watu wa shule nyingine bila mwalimu kujua, kuonja kitu ambacho hujui ni nini, na kurudi kucheza baada ya kugongwa kichwa. Hili la mwisho ni la watu wa raga hasa. Ukigongwa ukaona kizunguzungu, ukasahau skoa ama ukatapika, umemaliza kucheza siku hiyo hata kama fainali imebaki, na unaonwa na daktari. Kapteni akikuita mwoga muache aite.

Mkipoteza, na mtapoteza, hapo ndipo utaona timu ni ya kweli ama si ya kweli. Mtu asianze kulaumu kipa ndani ya basi. Ukisikia, anzisha wimbo.

Hatua ya 7: Jifunze kushangilia shule

Wengine mlipangiwa shule ambayo hamkuitaka. Najua. Uliota shule fulani kubwa, ukaletwa hapa, na kila ukiulizwa unasoma wapi unaongea kwa sauti ya chini. Kuipenda shule haiji kwa kuambiwa na prinsipo asubuhi ya paredi. Inakuja ukiwa na kitu chako ndani ya uwanja. Ukijua yule winga ni yule mliyegawana naye mandazi, utapiga kelele mpaka koo likauke.

Jifunze nyimbo za shule wiki za kwanza, muulize Fomu 4 kabla hawajaondoka, kwa sababu zingine hazijaandikwa mahali. Simama na wapiga ngoma, si juu kabisa ya jukwaa na wale wa kukosoa. Na usitukane kabila la mtu, dini yake ama umbo lake. Imba shule yako ni moto, imba yao ni baridi, inatosha kabisa na refa hatasimamisha mechi.

Kama unasoma day (shule ya kutwa)

Wa mitaa kama Manyatta na Nyalenda huko Kisumu, Langalanga huko Nakuru na kwingineko, najua saa kumi na moja lazima uanze safari kabla giza halijaingia. Chagua kinachokutana lanchi ama Jumamosi asubuhi. Mwambie kapteni mapema kwamba Jumatatu na Jumatano ndizo zako, halafu hizo mbili usikose hata moja. Kapteni anaweza kupanga na mtu wa siku mbili za hakika, hawezi kupanga na mtu wa "nitajaribu".

Kuhusu maksi na mzazi

Mzazi akilalamika usibishane. Mwonyeshe ratiba yako: tizi inaisha saa ngapi, prepu (masomo ya kujisomea jioni) inaanza saa ngapi, na kazi gani unafanya prepu. Maksi zikishuka kweli, punguza kile kidogo kwanza, kile kikubwa kibaki. Na wazazi, tafadhali, kumnyima mtoto tizi kama adhabu ya hesabu mara nyingi kunamwacha akikaa domu saa hiyo hiyo bila kushika kitabu.

Hatua ya 8: Muhula wa tatu, omba nafasi

Mwaka huu viongozi wengi wa klabu watakuwa Fomu 3, na chini yao ni nyinyi moja kwa moja. Anza na naibu katibu, ndiye anayeshika rejista na barua, na ndiye anayejua kila kitu kinachoendelea. Siku ya kukabidhiana hesabu vitu vya stoo mbele ya watu wawili, mipira, ngoma, jezi, na mwandike vilivyoharibika.

Ukipewa mweka hazina, usikubali kabla ya kuona kitabu cha pesa cha mwaka uliopita. Kikiwa na shimo na ukapokea kimya, hilo shimo litasomeka kwa jina lako, kwa hivyo mwombe patroni asaini salio hapo hapo, tarehe ikiwa imeandikwa, na ubaki na kopi.